Mkono wa Baba Begani

Kila jioni, baada ya kumaliza kazi za wateja, mama mchapaji alibaki na kompyuta na picha mbili. Moja ilikuwa ya mumewe, baharia, ameegemeza mkono kwenye uzio wa bandari ya mbali. Ya pili ilikuwa ya binti yao, mbele ya ukuta wa nyumba. Baba aliondoka binti akiwa bado tumboni. Kwenye simu walizungumza, lakini kuonana ana kwa ana, bado. Sasa binti aliomba picha moja tu, yeye na baba yake.

Mama alibandika picha ya binti juu ya ile ya baba. Ukuta ukamfunika baba kifua chote. Alipoififisha picha ya juu, binti akawa kama moshi. Mama akazima kompyuta, moyo mzito.

Kesho yake alimwita jirani yake, mpiga picha za harusi. Watu humwita Bi Fremu.

"Hizi ni tabaka, shoga," alisema Bi Fremu. "Kama karatasi juu ya karatasi. Ya juu huficha ya chini. Usiififishe yote. Ficha ukuta peke yake."

Kwanza walitengeneza nakala. Kisha Bi Fremu akaiwekea picha ya binti kifuniko. Ukikipaka rangi nyeusi, sehemu ile hufichika. Ukipaka nyeupe, hurudi. Hakuna kinachofutwa. Mama alipaka taratibu, hasa kandokando ya nywele.

"Binti anamfika baba yake wapi?" Bi Fremu akauliza.

Nani aliwahi kuwaona wamesimama pamoja? Mama alijua tu kwamba yeye humfika mumewe kidevuni. Akamwita binti, akamsimamisha ubavuni pake, wakapima kwa macho, wakapunguza picha ya binti.

Lakini mkono wa baba ulikuwa umepotea nyuma ya binti. Wakanakili tabaka ya baba, wakaficha vyote isipokuwa mkono, wakaupandisha juu kabisa. Ukatua begani kwa binti.

Mama alitoka nje kidogo. Aliporudi, walihifadhi faili moja yenye tabaka zote, kwa marekebisho, na nyingine ya kuchapa na kumtumia baba.

Binti alijua picha imeunganishwa. Hata hivyo aliibandika karibu na mto wake.

Baba alipiga simu siku ileile.

"Sura yake naijua," alisema. "Kimo ndicho nilichokuwa sikijui. Nimemnunulia viatu vya mtoto mdogo. Hebu muulize, anavaa namba ngapi?"

Mama akampa binti simu, ajibu mwenyewe.