Tawi la Mdiria

Nakijwa alikuwa na miaka sita. Aliishi milimani, Upareni, karibu na kijito.

Ng'ambo ya kijito palikuwa na ukingo wa udongo mwekundu. Katika ukingo huo palikuwa na shimo dogo. Humo aliishi mdiria.

Mdiria ni ndege mdogo. Mgongo wake ni wa buluu. Tumbo lake ni la rangi ya chungwa. Mdomo wake ni mrefu, wa kuvulia samaki.

Ndani ya shimo mlikuwa na makinda. Nakijwa hakuwaona. Aliwasikia tu.
Tsii, tsii, tsii.

Kisha mvua ikanyesha. Ikanyesha siku mbili, usiku na mchana. Kijito kikajaa tope. Maji yakawa kama chai ya maziwa.

Siku ya tatu mvua ikakatika. Mdiria akaja kwenye tawi lake juu ya kijito. Akainamisha kichwa. Akatazama maji.
Chubwi!
Akatoka. Mdomo mtupu.

Akajitosa tena.
Chubwi!
Mdomo mtupu.

Tsii, tsii, tsii, walilia makinda.

Nakijwa akakaa. Akainuka. Akakaa. Akainuka tena.

Mama yake alikuwa barazani, anachambua maharage.
"Mama, mdiria hapati samaki."
"Hawaoni, mwanangu. Maji yamechafuka."

"Yatatakata lini?"
"Labda kesho kutwa."
"Na makinda watakula nini leo?"
"Sijui," Mama akasema. "Njoo ukae, unisaidie maharage."

Nakijwa akakaa. Akachambua punje tatu. Akainuka.

Chubwi! Mdomo mtupu.
Tsii, tsii. Sasa sauti ilikuwa ndogo.

"Mama, siwezi kukaa."
"Nimeona," Mama akasema. "Basi tembea. Lakini usiingie majini."

Nakijwa akapanda mlima, akifuata kijito. Kwenye daraja la magogo, tope. Kwenye mawe ya kufulia, tope. Juu zaidi, tope tupu.

Akaacha kijito. Akafuata mfereji, mpaka akafika kwenye ndiva.

Ndiva ni bwawa la wakulima. Limezungushiwa ukuta wa mawe na udongo. Wiki hiyo zamu ya kulitunza ilikuwa ya Mama Mrutu. Alikuwa amekaa ukutani, jembe liko pembeni.

"Shikamoo, Mama Mrutu."
"Marahaba, Nakijwa. Watoto hawachezi hapa. Maji yana kina."
"Sichezi. Namtafutia mdiria maji safi."

Mama Mrutu akamtazama. Kisha akamshika mkono. "Haya, chungulia."

Nakijwa akachungulia. Maji yalikuwa safi. Aliona mpaka chini. Samaki wadogo walipita, wembamba kama vidole.

"Mbona haya hayana tope?"
"Niliziba mfereji kabla ya mvua. Tope halikupata njia."

"Na samaki ni wa nani?"
"Si wa mtu. Walikuja wenyewe na maji."

"Basi mbona mdiria haji?"
Mama Mrutu akatazama huku na huku. Palikuwa na ukuta. Palikuwa na nyasi fupi. "Akija atatua wapi?" akasema. "Hapa hakuna hata tawi moja."

Nakijwa akakimbia shambani. Akarudi na kijiti.
"Chembamba," Mama Mrutu akasema. "Kitayumba."

Akakimbia tena. Akarudi anaburuta tawi la mti wa kahawa lililokatwa. Kokoko, kokoko, kokoko.
"Hilo sawa."

Mama Mrutu akalichomeka ukingoni. Akalibana kwa mawe. Tawi likainama juu ya maji.

Wakangoja.

Nakijwa akakaa. Akainuka. Akakaa. Akainuka tena.
"Utamtisha," Mama Mrutu akasema. "Nenda katembee kule kwenye migomba. Nitakuita."

Nakijwa akaenda. Akazunguka mgomba wa kwanza. Akazunguka wa pili. Akazunguka yote, akaanza upya.

Zii! Kitu cha buluu kikapita juu ya mfereji. Kikapita ndiva. Kikaenda zake.

Nakijwa akasimama. Macho yakajaa machozi. "Hakuliona," akanong'ona.

Zii! Kikarudi.

Mama Mrutu hakumwita. Aliinua kidole kimoja tu. Nakijwa akanyata, akachungulia nyuma ya jani.

Mdiria alikuwa juu ya tawi. Akainamisha kichwa. Akatazama maji.
Chubwi!

Akatoka na samaki. Akampigapiga kwenye tawi, pa, pa, pa. Lakini hakummeza. Akaruka naye kuteremka mlima.

Nakijwa naye akateremka mbio. Akapita mawe ya kufulia. Akapita daraja la magogo. Mama alikuwa amesimama kando ya kijito.

Mdiria akaingia shimoni. Tsii, tsii, tsii, tsii! Kisha kukawa kimya.

"Mama, mbona wamenyamaza?"
Mama akacheka. "Utaliaje na chakula kimejaa mdomoni?"

Mdiria akatoka. Akaruka tena kuelekea ndiva. Akarudi na samaki. Akaenda. Akarudi. Ikawa hivyo mpaka jioni.

Jua likazama. Mdiria akaingia shimoni, hakutoka tena.

Mama akaleta beseni la maji ya moto. Nakijwa alikuwa na tope mpaka magotini. Akaketi kwenye kigoda, mguu mmoja ndani ya beseni.

"Mama, kesho makinda watakula mara ngapi?"
"Mara nyingi."
"Na kesho kutwa?"
"Lete mguu wa pili."

Kichwa cha Nakijwa kilikuwa begani kwa Mama.

Mama akauosha mguu wa pili polepole. Mwenye mguu alikuwa amekwisha kulala.