Kazi Isiyo na Mzazi

Asubuhi ilianza kwa chai iliyopoa na kelele za mkuu wa kitengo cha kompyuta cha hospitali, ambaye kila hitilafu ya kompyuta huiita virusi, kwa kuwa ndilo neno pekee lililombakia kutoka semina.

"Ni virusi hivi."

"Si virusi, bosi. Ni kiendeshi," mhandisi alimjibu bila kugeuka.

Kiendeshi ni programu ndogo inayokaa mbele ya diski kama karani wa dirishani: anayetaka kuandika au kusoma hupitia kwake. Karani huyu alikuwa anahudumia wawili kwa mpigo. Kazi mbili zikikimbilia sehemu moja ya diski, moja huikanyaga nyingine, na picha za eksirei za hospitali hutoka na ukanda wa mtu mwingine katikati. Mgonjwa wa goti anapewa kipande cha bega. Na mchana huo daktari wa upasuaji angefungua picha za kifua cha mdogo wa mhandisi, aone pa kupitisha kisu.

Mdogo mtu akapiga simu kutoka wodini.

"Dada, bado tu? Nina njaa mpaka naona mto kama mkate."

"Namalizia. Tulia."

"Nikifa nakuja kukusumbua wewe, si daktari."

"Mbona ulishaanza ukiwa hai?"

Ubaya wa hitilafu hizi ni kwamba ukizitazama zinatulia, kama mtoto mwenye sukari mdomoni. Kila mhandisi alipoweka mistari ya msimbo ya kutoa taarifa, kiendeshi kilipunguza mwendo na mambo yakawa shwari. Akaacha kutazama. Akazichapa picha zilizoharibika, akakata zile kanda ngeni, akazipanga mezani ajue ni za wagonjwa gani.

Hazikuwa za wagonjwa.

Bega lilishika shingo. Mbavu zikafuata mbavu. Alikuwa mtu mmoja, mrefu, amesimama wima. Kasoro pengo moja, kifuani, upande wa kushoto.

"Huyu nani?" alinong'ona.

Mkuu aliinama akatazama. Hakutaja virusi.

Mhandisi akaiagiza mashine itunze taarifa kimyakimya, bila kuchelewesha chochote, kisha akasoma. Kazi ya kuhifadhi picha ilikuwepo. Ya kunakili pia. Na ya tatu. Ndani ya kompyuta kila kazi ina nyingine iliyoizaa. Hii haikuzaliwa na yeyote.

Akaiua. Ikarudi.

Akaiua tena. Ikarudi, namba ile ile.

Simu ililia: chumba cha upasuaji kinasubiri picha. Hakukuwa na nafasi ya kubishana na mizimu. Akaandika kufuli: anayetangulia anafunga, anaandika, anafungua, mwingine anangoja. Na kwa kuwa alifunzwa vizuri, akaliandika kwa haki, asiwepo wa kungoja milele. Kila aliye kwenye foleni apate zamu yake. Kila mmoja. Vidole vilifanya vilivyozoea.

Picha zikatoka safi. Ile kazi ya tatu ikajipanga nyuma ya wenzake, kwa adabu.

Alipoitazama tena, daktari alikuwa keshaanza kupasua. Foleni ilikuwa tupu: ya tatu nayo ilikuwa imeshapata zamu yake.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari mwenyewe alitoka akicheka. Jua lilikuwa bado limejaa wodini mhandisi alipovuta kiti kando ya kitanda.

"Dada." Sauti ilikuwa ndogo. "Mwambie asogee."

"Nani?"

"Ananibana."

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na muuguzi tu, aliyekuwa anagonga mashine ya mapigo ya moyo kwa kidole. Akabadilisha nyaya. Akaleta mashine nyingine.

Pigo moja. Kimya. Pigo jingine, zito zaidi, kama la mtu mwingine.

Mhandisi alisikiliza. Pigo la pili lilikuwa linangoja la kwanza limalize. Hayakugongana hata mara moja.