Kilichokuwa Ndani ya Tangi

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Chiriku alilazimika kwenda chooni, haja imbane isimbane. Ndivyo Idara ya Afya ilivyoamuru. Kila nyumba ya mtaa ule ilifungiwa choo cheupe chenye mashine ndani yake, na mashine hiyo ilikuwa na kazi moja tu: kuchunguza kila kilichodondoka. Uliingia, ukabonyeza dole gumba ukutani ili ikujue, ukajisaidia. Kisha mlango haukufunguka mpaka mashine nayo imalize. Ilinguruma, ikakoroga, ikanusa, halafu ikasema kwa sauti laini kama ya mwalimu wa chekechea:

"Asante. Jana ulikula mafuta mengi. Choo chako ni kigumu. Kunywa maji."

"Kigumu mwenyewe!" Chiriku alikuwa akijibu huku amebana pua.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na jina hilo alipewa na majirani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Aliishi na mama yake, wawili tu. Mama alikuwa mwajiriwa wa Idara, msafishaji wa matangi ya maji, mwanamke wa maneno machache mwenye buti za mpira zilizofika magotini.

Yale yaliyoonekana chooni hayakubaki chooni. Njia panda, mbele ya ofisi ya Bwana Afya, msimamizi wa Idara mtaani hapo, palisimama ubao mkubwa wa taa uliojaa picha za nyuso za wakazi wote. Uso wa mtu mzima wa afya ulizungushiwa mstari mweupe. Uso wa mgonjwa ulizungushiwa mwekundu, na chini yake ugonjwa wenyewe ukaandikwa kwa herufi kubwa, ili kila mpita njia asome. Mgonjwa alinyweshwa dawa nyumbani siku ya kwanza, na aliyebaki mwekundu siku tatu alifuatwa na gari jeupe. Alipakiwa, akapelekwa Nyumba ya Matunzo, akanyweshwa dawa apende asipende, na hakutoka mpaka mashine ya huko iridhike. Hakuna aliyemuuliza chochote. Aulizwe nini, na choo kimeshasema?

Siku moja, watoto walipokuwa wakienda shule, waliuona uso wa Sindano umezungushiwa mwekundu. Chini yake paliandikwa: MINYOO.

Sindano alikuwa binti wa fundi cherehani, mwembamba kama jina lake, na alikaa dawati moja na Chiriku. Walikuwa wakigawana hata kifutio. Lakini siku hiyo Chiriku alipouona ubao, ulimi ulimponyoka kabla hajafikiri.

"Jamani, mpisheni Bibi Minyoo, asije akatudondoshea!"

Watoto walicheka mpaka wakashika mbavu. Darasani kila mtu alivuta kiti chake pembeni. Chiriku mwenyewe alisogea hadi ukingoni mwa dawati, akaifuta kalamu ambayo Sindano alikuwa ameigusa. Kusema kweli alisikia kinyaa. Aliwaza minyoo ikijisokota ndani ya tumbo la rafiki yake, na mate yakamjaa mdomoni.

Sindano alifungua daftari lake, akainamisha kichwa.

Siku ya tatu gari jeupe lilikuja. Fundi cherehani alilikimbilia barabarani, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni.

"Mwanangu anaogopa sindano na ana pumu!" alipiga kelele. "Nisikilizeni kwanza, kuna dawa ambazo hapaswi kupewa!"

"Mashine inajua," alijibu Bwana Afya, mtu mnene mwenye koti jeupe lisilo na hata doa. Mlango wa gari ukafungwa.

Juma moja likapita, Sindano hajarudi. Watu wengine wanane wakachukuliwa. Ijumaa asubuhi Chiriku akiwa chooni tumbo linamkata, mashine ilinguruma kuliko kawaida.

"Asante," ilisema. "Una minyoo."

Kabla hajamaliza kufunga sare yake, Bwana Afya alikuwa ameshafika na wasaidizi wawili na chupa ya dawa ya kijani. Dawa ilikuwa nzito, ikivutika kama kamasi, na ilinuka kama soksi zilizoloa siku tatu.

"Hii ni dawa ya nini? Niambieni kwanza!" Chiriku alirudi nyuma hadi ukutani.

"Choo kimeshatuambia, inatosha," alisema Bwana Afya. Msaidizi mmoja alimshika mikono, mwingine akambana pua mpaka mdomo ukafunguka wenyewe. Dawa iliteleza kooni taratibu, kama kitu chenye uhai. Mama alisimama mlangoni, macho chini.

Walipoondoka Chiriku alitapika kwenye beseni hadi machozi yakamtoka. Shuleni hakwenda. Alijua ni nini kingemngoja huko.

Alikaa akiwaza. Minyoo imetoka wapi? Nyumbani walikuwa wasafi. Mama alichemsha maji ya kunywa kila jioni, yakatokota weee, na Chiriku alipouliza sababu, aliambiwa maji ya moto yana ladha nzuri. Shuleni lakini alikunywa ya bombani, kama watoto wote. Mchana alijifunika kanga, akaenda kuutazama ubao. Nyuso nyekundu zilikuwa ishirini na tatu. Alizipitia moja moja. Zote zilikuwa za watu wa upande wa chini wa mtaa, au za wanafunzi wa shule yao iliyokuwa upande huo huo. Upande wa juu, waliopata maji kutoka tangi jingine, walikuwa weupe kama karatasi.

Alirudi mbio. "Mama! Ni maji! Wanaoumwa wote wanakunywa maji ya tangi letu!"

Mama alikuwa akikoroga mboga. Mwiko ulimponyoka ukaanguka sakafuni.

"Nyamaza," alisema kwa sauti ya chini. "Neno hilo lisitoke nje ya nyumba hii. Umenielewa?"

Chiriku hakumwelewa hata kidogo.

Jumamosi, ubao ulionyesha siku ya pili ya wekundu wake. Kesho gari lingemjia. Mama alipokwenda sokoni, Chiriku alichukua ndoo ndogo yenye kifuniko, akaenda kwenye tangi la upande wao lililosimama juu ya nguzo nyuma ya shule. Alipanda ngazi ya chuma, pumzi juu juu.

Juu kabisa, kando ya kifuniko, palifungwa kadi ndani ya mfuko wa plastiki. "Tangi limesafishwa," ilisema, na mbele ya kila mwezi palikuwa na saini. Miezi minane, saini nane. Chiriku aliutambua mwandiko ule kabla hajausoma. Ndio uliotia saini ripoti zake zote za shule.

Alivuta kifuniko kwa mikono miwili.

Uvundo ulimpiga usoni kama kofi. Maji hayakuonekana, maana yalifunikwa na utando wa kijani uliojaa mapovu. Juu ya utando walielea panya wanne, au watano, wamevimba kama mipira, manyoya yamewanyonyoka na ngozi imebaki tupu, nyeupe, yenye utelezi. Kati yao vilicheza viluwiluwi, na vijidudu vyekundu vilivyojikunja na kujikunjua. Pembeni kulikuwa na ndege aliyebaki mifupa na mdomo. Chiriku aliwaza glasi zote alizokunywa shuleni, moja baada ya nyingine. Aling'ang'ania ngazi, akatapika chini mpaka hakikubaki kitu tumboni.

Kisha, huku amegeuza uso, alizamisha ndoo.

Mama alimkuta jikoni, ndoo iko mezani. Hakuhitaji kufunua kifuniko. Harufu ilikuwa imeshajaa nyumba.

"Ni saini yako, Mama."

Mama aliketi kwenye kigoda.

"Ni yangu," alisema. "Idara iliacha kutuletea pampu na klorini. Wakasema mashine za choo zimegharimu kila kitu, na tangi litasubiri. Wakaniambia nitie saini. Mwenzangu wa mtaa wa pili alikataa. Kesho yake uso wake ulikuwa mwekundu ubaoni kwao, naye mzima kabisa, na mpaka leo hajatoka. Nikajiuliza, nikichukuliwa mimi, wewe utabaki na nani? Nikatia. Nikasema mwezi ujao nitasafisha kwa mikono yangu. Ulipofika nikasema hivyo hivyo."

"Ndiyo maana unachemsha maji yetu."

"Ndiyo."

"Na Sindano? Na watoto wote shuleni? Hukuwaambia wachemshe?"

Mama alijifunika uso. Chiriku hakuwahi kumchukia mama yake, lakini saa ile alimtazama kama alivyomtazama Sindano siku ile, akitamani kusogea mbali. Mara akakumbuka kalamu aliyoifuta. Akaona aibu, akasogea karibu badala ya mbali.

"Mama, kesho watanichukua mimi."

Mama aliinuka. Alivaa buti zake za mpira, akabeba ndoo. "Hawatakuchukua. Twende."

Njia panda palikuwa na watu wengi, kama kila Jumamosi, wakitazama ubao kwa hofu. Mama alisimama katikati yao.

"Majirani, mimi ndiye ninayesafisha tangi lenu," alisema. "Sijalisafisha kwa miezi minane. Nimeandika uongo mara nane. Watoto wenu wanaumwa kwa sababu ya hiki." Alifunua ndoo.

Watu walirudi nyuma wakiziba pua. Mmoja alitema mate. Fundi cherehani alimtazama Mama kwa jicho ambalo Chiriku hakutaka kuliona tena maishani.

Bwana Afya alitoka ofisini. "Uzushi! Hayo ni maji ya mtaroni. Mtaani hapa ukweli unajulikana kwa mashine, siyo kwa midomo ya watu. Mashine haijasema lolote juu ya tangi."

"Haijaulizwa!" Chiriku alidakia.

Aliinyakua ndoo mkononi mwa mama yake, akapita chini ya kwapa la Bwana Afya, akaingia kwenye choo cha ofisi pale barazani. Choo hicho kilitumiwa na Bwana Afya peke yake, ndiyo maana hakikuwa na haja ya dole gumba. Akamwaga yote: utando, viluwiluwi, na nusu ya panya. Mlango ukajifunga. Nje Bwana Afya alipiga ngumi.

"Fungua! Wewe mtoto, fungua!"

"Haufunguki, Bwana Afya!" Chiriku alijibu akiwa amejibana ukutani, kinyaa kimemshika hadi kwenye nywele. "Mpaka kimalize!"

Mashine ilinguruma, ikakoroga, ikanusa. Ikakaa kimya. Ikanusa tena.

"Asante," ilisema mwishowe. "Una minyoo. Una bakteria wa aina kumi na moja. Una manyoya. Hali yako ni ya hatari. Usiondoke, unafuatwa sasa hivi."

Mlango ulipofunguka, uso mnene wa Bwana Afya ulikuwa umeshawaka ubaoni, mwekundu kuliko wote. Mtu mmoja alicheka, kisha wawili, kisha njia panda nzima. Gari jeupe lilifika likipiga king'ora. Wasaidizi wawili waliutazama ubao, wakamtazama yeye, wakamshika mikono.

"Niacheni! Mimi siumwi!" Bwana Afya alifurukuta, koti likamchanika begani. "Niulizeni kwanza! Si mniulize kwanza!"

Kicheko kilikatika ghafla. Fundi cherehani alisogea mbele yake.

"Binti yangu mlimuuliza?"

Wasaidizi walimwachia mmoja baada ya mwingine, kama watu waliokuwa wameshika kitu cha moto. Bwana Afya alibaki amesimama, jasho linamtiririka. Kisha aliingiza mkono mfukoni, akatoa funguo za Nyumba ya Matunzo, akamkabidhi fundi bila kumtazama.

Jioni ile ile waliokuwa ndani walitoka, na msafishaji wa mtaa wa pili akiwa miongoni mwao. Sindano alitoka akikohoa, midomo imepauka, mikono imejaa alama za sindano. Chiriku alimfuata mpaka mlangoni kwao.

"Nilikuita jina baya," alisema. "Nilikuwa wa kwanza. Nisamehe."

Sindano alimgeukia. "Jumatatu utakaa wapi?"

"Pale pale. Ukikubali."

"Basi usisogee tena," alisema Sindano, akaingia ndani.

Tangi lilisafishwa kwa siku mbili na mtaa mzima. Mama ndiye aliyeshuka ndani, akatoa uchafu kwa jembe na mikono, akasugua kuta mpaka zikang'aa. Wakubwa wa Idara walikuja, wakaona wenyewe, na mafundi wao wakaubomoa ubao. Mama alifukuzwa kazi kwa zile saini nane, naye hakubisha. Majirani wengine walikaa wiki nyingi bila kujibu salamu yake.

Matibabu yalisimamiwa na nesi mstaafu wa upande wa juu, mwanamke mwenye miwani mizito. Alikaa kwenye chumba kimoja cha shule, pazia limefungwa, akamwona kila mgonjwa peke yake. Zamu ya Chiriku ilipofika, mama yake alikuwa kando yake.

"Shikamoo, Bibi Nesi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kidonge hiki kinaua minyoo. Kinaweza kukupa kizunguzungu kidogo. Una swali? Uko tayari kukimeza?"

Chiriku, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alikosa la kusema. Aliitikia kwa kichwa, akameza kwa maji yaliyochemshwa.

"Sikiliza, na mama yako asikie," alisema nesi akivua miwani. "Mwili wa mtu ni nyumba yake. Anayetaka kuutibu hupiga hodi, akangoja akaribishwe, na aliyoyaona ndani hayatangazi barabarani. Huo ni upande wa waganga. Upande wetu sote ni kusema kweli mapema. Mama yako aliogopa, na mtu kuogopa si dhambi. Lakini alijua maji ni machafu, akawachemshia wa kwake tu. Siku ile ya kwanza angebisha mlango mmoja tu wa jirani, watu ishirini na tatu wasingeumwa."

Mama aliinamisha kichwa. "Kweli tupu, Bibi Nesi."

"Basi kuanzia kesho nisaidie kupita nyumba kwa nyumba, tuwaeleze watu namna ya kutunza maji. Malipo sina."

"Nitakuja," alisema Mama, akalifungua pazia ili mgonjwa mwingine aingie.