Jiko Jepesi na Moto wa Visiki vya Chai

Kisiki cha chai hakipasuki kwa kubembelezwa. Jentrix alilijua hilo tangu akiwa Gredi ya Nne. Kila Jumamosi asubuhi alikisimamisha kisiki juu ya gogo, akainua shoka na kulishusha kwa nguvu zake zote, na bado mara nyingi lilinasa humo kama jino katika mua.

Visiki hivyo yeye na mama yake waliletewa na wakulima waliong'oa michai iliyozeeka. Vilikuwa vidogo, vigumu, vyenye mafundo. Lakini vikishika moto, makaa yake yalikuwa makali kuliko makaa ya gunia, na yalikaa hadi jioni. Ndiyo maana nyama ya mbuzi aliyochoma mama yake, Bilhah, ilisifiwa soko zima la Sosiot.

"Weka shoka," mama alisema siku hiyo, akiliinua jiko lao la zamani. Mwanga ulipenya tumboni mwake kwenye matundu ya kutu. "Hili limekufa. Nenda kwa yule fundi mpya, Kiptanui, nyuma ya posho mili, pale wanaposaga unga. Mwambie tunachoma kwa visiki vya chai. Hilo useme kwanza, kabla hata ya salamu."

"Kabla ya salamu, Mama?"

"Basi salimia, halafu useme. Hela nitamtumia kwa simu. Na uchague jiko la kudumu, sina haja na pambo."

Jentrix alitazama jua. Saa nne timu yao ya netiboli ingecheza na wasichana wa shule ya jirani, na mfungaji alikuwa yeye. Akatoka mbio.

Fundi Kiptanui alikuwa amehamia hapo majuzi kutoka Sigor. Binti yake, Chepkorir, alikaa dawati moja na Jentrix. Alikuwa nje ya kibanda akipaka jiko rangi ya fedha.

"Mfungaji amefika," Chepkorir alisema. "Leo utafunga, au utatazama mawingu kama juzi?"

"Nitafunga. Wewe paka jiko, usipake pua."

Fundi aliweka nyundo chini, akamwonyesha majiko mawili. La kwanza lilikuwa jeusi na baya. Aliligonga kwa kifundo cha kidole, likatoa sauti nzito.

"Umesikia? Hili ni pipa nene. Nimelichoma kwanza hadi mabaki ya mafuta yakaisha. Miguu ni chuma cha pembe, nimeilehemu ndani na nje. Wavu ni nondo. Hili mjukuu wako atalirithi."

"Na lile?"

Aligonga lile la pili, la rangi ya fedha iliyokwisha kukauka. Likalia kama sufuria. "Lile ni bati tu. Miguu nimeipiga ribiti, vijisumari tu, sikuilehemu. Ni la nyumbani, la kuchomea watoto mahindi kwa makaa kidogo. Nyinyi mnachoma na nini?"

Jentrix aliliangalia lile jeusi. Halingebebeka bila mkokoteni, na mwenye mkokoteni alikuwa amepeleka majani kwenye kituo cha chai. Angerudi saa sita. La fedha lingekaa kichwani, naye angewahi mechi.

"Makaa," alisema.

"Ya gunia?"

"Ya gunia. Kidogo tu."

Fundi alitikisa kichwa kukubali. "Basi hili litawafaa. Lakini mwambie mama asilijaze."

Bilhah alipoliona jiko aliligonga pia, akakunja uso. "Hii sauti siipendi. Ulimwambia ni visiki vya chai?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Akasema hili ndilo."

Wateja walikuwa wameanza kuulizia mbavu. Bilhah akamwaga makaa ya visiki ndani ya jiko hadi juu, akapanga nyama. Jentrix alikuwa tayari amekimbilia uwanjani.

Walishinda. Alirudi sokoni adhuhuri akiimba, viatu mkononi, na akaukuta umati wa wateja kibandani. Kepher, mwendesha boda boda aliyependa kula karibu na moto, alikuwa kwenye benchi, mguu mmoja ameunyoosha mbele ya jiko.

"Bingwa," Kepher alimwita. "Niletee chumvi, nikupe mfupa."

Jentrix aliona rangi ya fedha imebabuka, na tumbo la jiko limekuwa jekundu, limelegea kama tandiko la punda. Alifungua mdomo. Ribiti ikafyatuka na kugonga ukuta wa mabati, kisha ya pili. Miguu ikapinda. Jiko likaanguka upande, likamwaga moto wote juu ya mguu wa Kepher.

Mlio alioutoa Kepher uliwafanya hata mbwa wa soko wakimbie. Suruali yake iliyeyukia ngozini. Bilhah alipangusa makaa kwa mikono mitupu, akamvuta nyuma, akamwagia ndoo ya maji. Mwanamume mmoja alikuja na dawa ya meno, mwingine na unga.

"Rudisheni hivyo dukani," Bilhah alisema. "Ni maji safi, maji mengi, halafu hospitali."

Gari lilipomchukua Kepher, rafiki yake Ogari alibaki ameshika mguu wa jiko uliovunjika. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nani ametengeneza takataka hii?"

"Kiptanui," Bilhah alijibu, akipuliza viganja vyake vilivyoungua. "Nilimtuma mtoto amwambie tunatumia visiki vya chai. Akaambiwa. Bado akatuuzia bati."

Ogari hakungoja zaidi. Alipiga mluzi, waendesha boda boda wakaacha pikipiki zao, na kundi zima likashuka kuelekea posho mili. Wengine waliokota mawe njiani. Wengine hawakujua hata ni nani anayeendewa.

Jentrix alisimama palepale. Mama yake alisema jambo kuhusu maji, lakini hakulisikia. Alisikia tu bati likipigwa mawe kule chini. Ndipo akakimbia.

Kibanda cha fundi kilikuwa kimeng'olewa upande mmoja. Walimvuta Kiptanui kwa kola hadi barabarani. Ngumi ya kwanza ilimpasua mdomo. Teke lilimpata mbavuni, akakunjika. Alipojaribu kuinuka, mtu akamkanyaga vidole, na vidole vikalia kama vijiti vikavu vikivunjwa. Hakuwa na nafasi hata ya kuuliza kosa lake. Chepkorir alimrukia Ogari mgongoni, akamng'ata bega. Ogari alimtupa, akaangukia ndoo ya rangi, ikamwagika juu ya nguo yake.

"Mwachieni baba," alisema, akitema mchanga. "Baba hajafanya kitu."

Ogari aliichukua nyundo ya fundi mwenyewe. "Mkono uliotengeneza lile jiko ni upi? Uwekeni kwenye jiwe."

Wakauweka. Fundi alifumba macho.

Jentrix alipita katikati ya miguu ya watu, kiwiko cha mtu kikampiga jicho, akaangukia magoti. Akaulaza mkono wake mwenyewe juu ya mkono wa fundi, pale kwenye jiwe.

"Toka hapo, mtoto," Ogari alisema, nyundo juu.

"Nilimdanganya."

"Nini?"

"Aliniuliza tunachoma na nini. Nikasema makaa ya gunia. Alinionyesha lile zito, nikalikataa. Nilitaka kuwahi mechi." Aliukaza mkono wake pale kwenye jiwe. "Alisema mama asilijaze. Sikumwambia. Nikamdanganya mama pia. Moto wa Kepher ni wangu."

Ogari alimtazama kama mtu asiyejua lugha. Nyundo bado ilikuwa juu ya mikono yao miwili. Jentrix hakuuondoa wake.

Bilhah alifika akihema. Alikuwa amesikia yote. Hakumtazama bintiye, alinyoosha kiganja chake kilichotoka malengelenge, akamwambia Ogari, "Lete."

Ogari akampa nyundo.

"Mimi ndiye niliyelitaja jina la fundi," Bilhah aliwaambia watu. "Nililitaja bila kumuuliza yeye mwenyewe hata neno moja. Nanyi mlikuja na mawe bila kuniuliza mimi mara ya pili. Sasa yule mwenye nguvu ya kupiga teke awe na nguvu ya kumbeba. Mnyanyueni taratibu, mbavu zake zimeumia."

Walimbeba. Ogari alishika upande wa kichwa. Wachache waliangusha mawe yao kimya kimya na kujipenyeza kati ya vibanda.

Jioni, nje ya wodi, Jentrix alisubiri kipigo. Daktari alikuwa amesema mguu wa Kepher utapona ila kovu litabaki, na kwamba vidole viwili vya fundi vimevunjika. Mama alikaa kando yake, mikono imefungwa bendeji.

"Hutanichapa?"

"Leo watu wamepigwa vya kutosha." Bilhah aliegemeza kichwa ukutani. "Netiboli umeacha mpaka vidole vya fundi vishike nyundo. Ukitoka shule utakuwa kibandani kwake, ushike anachoshindwa kushika. Kepher utampelekea uji wewe mwenyewe, umtazame usoni. Na mimi nitamwomba fundi radhi mbele ya soko, kwa sababu nilimsingizia mbele ya soko."

"Nisingesema, wangemuua?"

"Ndiyo. Ulichelewa kusema, lakini ulisema nyundo ikiwa juu. Hilo nimeliona." Alimgeukia. "Sikiliza, Jentrix. Jiko unaligonga kwa kidole, ukajua kama ni bati au ni chuma. Neno la mtu haligongwi. Tunaliamini tu, tunaliwekea moto juu. Likiwa bati, anayeungua ni mwingine."

Waendesha boda boda walikisimamisha tena kibanda cha fundi. Ogari alipigilia misumari siku nzima, bega lake likiwa na alama ya meno, na Chepkorir alimpa misumari mmoja mmoja bila kumsemesha.

Fundi alipotoka hospitali, Jentrix alifika kibandani, safari hii na mkokoteni. Chepkorir aliinua macho.

"Mfungaji," alisema. Akashika mpini wa mkokoteni. "Utasukuma au nivute?"

"Mimi nisukume. Kilima ni changu."

Kiptanui alikuwa ameketi kando ya jiko lile jeusi, mkono umefungwa kifuani. Alijua tayari wanachotaka. Soko zima lilijua. Hata hivyo alimtazama msichana huyo, akauliza, "Nyinyi mnachoma na nini?"

"Visiki vya chai," Jentrix alijibu, kabla hata ya salamu.