Msalimie Babu

Jambo lenyewe lilianza dogo, dogo kiasi kwamba mama mwingine angelipuuza: Daimu alikataa kusalimia.

Wanaomjua Daimu wa Nakapanya wangeshangaa. Alikuwa na miaka sita, na shikamoo zake zingeweza kutosha mtaa mzima. Siku ile ndani ya basi alikuwa amemsalimia kondakta, akamsalimia mama muuza karanga kupitia dirishani, akamsalimia na mzee aliyekuwa amelala kiti cha mbele. Alipoona mzee haitiki, akamngoja aamke akamsalimia tena. Abiria walicheka. Ashura, mama yake, alijifanya kuona haya, lakini moyoni alikuwa anachekelea. Mumewe Muhsini alifariki mtoto akiwa hajaanza kutambaa. Mimba mbili za mwanzo zilikuwa zimeharibika. Huyu mmoja ndiye aliyebaki, na watu wakimwona mjane analea peke yake humtazama kwa jicho la pembeni wakingoja mtoto apotoke. Ashura aliapa hawataipata nafasi hiyo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na yeye wake alimlea kwa kumfinya sikio. Sikio la kulia tu, kwa sababu la kushoto lilikuwa linatoa usaha tangu msimu wa korosho uliopita, na ndilo lililowatoa kwao.

Walikuwa wanakwenda hospitali ya Peramiho. Basi lilichelewa njiani, wakaingia Songea jua limekwisha kuzama, magari ya Peramiho hayapo, na baridi ya mwezi wa saba inang'ata. Wakaelekezwa gesti moja mteremkoni, safi, ya bei ya watu wa kawaida, ambayo nyuma yake kinapita kijito kinachokwenda kumwaga maji mto Ruvuma. Mhudumu aliyewapokea alikuwa dada wa makamo kutoka Mbinga, jina lake Lukresia. Aliandika kwenye kitabu cha wageni jina, kabila, wanakotoka na wanakokwenda, akawapa ufunguo wa chumba namba nane, sabuni ndogo, na ndala mbili za rangi tofauti zilizokatwa kisigino kwa kisu ili mgeni asizitamani. Akawaambia chumba kipo mwisho wa korido. Alitaka kuongeza neno, Ashura alimwona, lakini mwenye nyumba, Mama Theodosia, alikohoa kutoka jikoni na Lukresia akanyamaza.

Korido ilikuwa na taa moja ya manjano. Mwishoni palikuwa na dirisha linalotazama mtoni, na mbele ya dirisha palikuwa na kiti cha mbao chenye mikono, na kwenye kiti alikuwa amekaa mzee amewapa mgongo. Alikuwa amevaa koti refu la rangi ya majivu, kola imepandishwa hadi masikioni, kama wanavyovaa wazee wa kule baridi ikizidi. Palinuka ugoro kidogo, na chini ya ugoro palinuka tope.

Ashura alipunguza sauti, kwa heshima, akamsukuma mtoto begani. Daimu hakusogea.

"Msalimie babu," Ashura alinong'ona.

Daimu alishika kanga ya mama yake kwa mikono miwili. "Mama, hakuna babu," alisema. "Kuna koti tu."

Hapo ndipo Ashura alipokosea, na kosa lake angelifanya mama yeyote mwenye adabu kuanzia Mbinga hadi Tunduru. Alidhani mtoto amechoka na safari sasa anataka kumwaibisha ugenini. Alimkazia macho, yale macho ya kungoja ambayo mama huyatoa bila kusema neno, akamwambia heshima si utumwa, mwanangu, kisha akamfinya sikio la kulia. Machozi yakamtoka Daimu. Akakitazama kiti, akasema kwa sauti iliyokatika, "Shikamoo."

Halafu sauti ikatoka kwenye koti, nzito, ya taratibu, ya mtu ambaye hajasema na mtu siku nyingi. "Marahaba, mjukuu wangu."

Ni maneno ambayo mzee yeyote angeyasema. Ashura alishusha pumzi. Mkono ukatoka ndani ya koti, juu ya mkono wa kiti, mweusi na mrefu, ukatua juu ya kichwa cha mtoto kama wazee wanavyobariki, ukakaa pale kidogo kupita kawaida. Mzee hakugeuka. Ashura akashukuru, akafungua mlango, na alipomvua mtoto kofia ya sufu akakuta nywele zake zimelowa chapachapa, maji yananuka tope, na kofia yenyewe kwa juu ilikuwa kavu.

Alimfuta kwa kanga. Alijiambia ni jasho, ingawa mtoto alikuwa anatetemeka kwa baridi na hakuna mtoto anayetoka jasho Songea mwezi wa saba.

Asubuhi sikio la kushoto lilikuwa kavu. Usaha uliokuwa ukilowesha mto kila siku haukuwepo, na Ashura alitaka kupiga vigelegele. Kisha akagundua kitu kinachokosekana. Tangu ajue kusema, Daimu alikuwa akifumbua macho anasema shikamoo mama kabla hata ya kwenda kukojoa. Siku hiyo aliamka akakaa kitandani, viganja juu ya magoti, mgongo umepinda kidogo, akatazama mlango. Ashura alimngoja. Mtoto naye alikuwa kama anangoja.

Alimwacha akatoka kuomba maji ya moto. Lukresia alikuwa anapiga deki korido, na Ashura akiwa na furaha ya lile sikio akamuuliza yule mzee wa jana amelala chumba gani, angependa kumuaga. Lukresia aliacha kupiga deki. Alitazama kiti, akatazama jikoni, akamsogelea.

"Mlimsalimia?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mtoto alimsalimia."

"Akaitika?"

"Akaitika."

Lukresia alikaa juu ya ndoo. Ndipo akasema yote, haraka haraka, macho yako jikoni. Hakuna mzee. Kiti kilikuwepo kabla ya gesti, kwenye nyumba ya zamani iliyobomolewa hapo, na kila kikitupwa asubuhi hukutwa dirishani. Wengine husema ni jini la mtoni, wengine husema ni mzee aliyekufa vibaya, na Songea haina uhaba wa wazee waliokufa vibaya, kwa hiyo hakuna aliyehangaika kuhakikisha. Kinachojulikana ni kimoja: ukipita usimsalimie. Wafanyakazi wote huambiwa siku ya kwanza. Wageni hawaambiwi, maana mwenye nyumba hataki gesti yake isemwe, na wageni wengi hupita na funguo zao na simu zao hawamsalimii mtu. Mwenzako miaka kumi na moja napita hapa kimya kama sina adabu, Lukresia alisema, nikijua siku nikimwamkia nimekuwa wake.

Ashura hakumlaumu. Hakuwa na nafasi ya lawama. Alimbeba Daimu mgongoni kwa kanga, mtoto mkubwa yule, akakimbilia Peramiho, akitumaini kwamba kitu chenye daktari na karatasi kingeweza kusimama kati yake na jambo lile. Daktari alimulika masikio yote mawili, akasema hajaona tatizo, watoto hupona wenyewe, mama ashukuru Mungu. Njia nzima ya kurudi Daimu alikaa kimya. Walipofika karibu na gesti alimvuta mama yake shingoni na kuongea kwa sauti yake mwenyewe, ile nyembamba ya kila siku, na ilikuwa mara ya mwisho kuisikia ikitoka vizuri.

"Mama, akikuangalia, usimwamkie."

"Nani, mwanangu?"

Alikuwa amekwisha kupinda mgongo tena.

Waliingia kuchukua begi. Lukresia alikuwa amesimama koridoni, ufagio mkononi, analia bila sauti. Kiti kilikuwa wazi. Hakuna koti, hakuna harufu ya ugoro, na mwanga wa dirishani ulikuwa unaangukia mbao tupu ambazo Lukresia alisema hajawahi kuziona bila koti juu yake. Mama Theodosia naye alitoka jikoni, akakitazama kiti, akamtazama Daimu mgongoni kwa mama yake, na uso wake ukalainika kama wa mtu aliyetuliwa mzigo. Alikuwa mwema ghafla. Alimfungia Ashura ndizi na maandazi ya njiani, akajitwika begi lao yeye mwenyewe, akawasindikiza mpaka stendi, na hakuondoka pale hadi alipoliona basi la Tunduru limekata kona. Lukresia alisema baadaye kwamba hajawahi kumwona akimsindikiza mgeni hata hatua tano.

Nakapanya kuna joto, hata mwezi wa saba mchana watu hutafuta kivuli. Daimu alisema anasikia baridi. Alikwenda mwenyewe kwenye sanduku la marehemu baba yake, ambalo alikuwa hajawahi kulifungua, akatoa koti la Muhsini, akalivaa likamfika miguuni, akavuta kiti mpaka dirishani na kukaa amewapa watu mgongo. Nyumba ikaanza kunuka ugoro. Hakuna aliyetumia ugoro mle ndani.

Ashura alikimbilia kwa mjomba wake, Mwalimu Hassani wa madrasa, mtu ambaye amewahi kutoa majini kwa wanawake wa Mbesa na Tunduru mpaka wakaolewa. Mwalimu alikuja baada ya alasiri, akasoma siku ya kwanza, akasoma siku ya pili, akampulizia maji, akafukiza ubani, na mtoto alikaa akimsikiliza kwa utulivu wa mtu mzima anayemsikiliza kijana akijitahidi. Siku ya tatu Mwalimu alimuuliza yule aliye ndani ameingia kwa idhini ya nani. Mdomo wa Daimu ulifunguka, na ile sauti ya koridoni ikatoka kwenye kifua kisichozidi upana wa sahani.

"Nilisalimiwa."

Mwalimu Hassani alifunga msahafu. Alifuta jasho, akamvuta mpwa wake uani. Alimwambia bila kumzunguka kwamba yeye huwatoa walioingia kwa wizi, lakini huyu hakuiba, alipewa, na aliyempa ni mama mwenye mtoto.

"Mjomba, sikujua," Ashura alisema.

"Najua, mwanangu. Hata yeye anajua." Mwalimu alitazama chini. "Bado kuna kidogo cha Daimu mle, kwa sababu nyumba hii haijamkubali kuwa mkubwa wake. Usije ukamwamkia. Siku utakayomwamkia, umemkabidhi."

Ashura aliapa kwa jina la Mwenyezi Mungu. Kiapo ni rahisi kwa mtu aliyeshiba.

Kesho yake asubuhi alipeleka uji wa ulezi wenye sukari, ule ambao Daimu alikuwa akilamba hadi kikombe. Mtoto hakuugusa. Aligeuza kichwa kutoka dirishani, akautazama uji, akamtazama mama yake, akangoja. Mchana akapeleka wali na kisamvu cha karanga, mtoto akangoja vilevile. Jioni maji tu, akangoja. Hakuwa mkali, hakulia, hakusukuma kikombe; aliangalia tu, kwa subira, kama mtu mzima anavyomwangalia mtoto aliyeingia ndani akasahau adabu zake. Siku ya pili midomo ilianza kupasuka. Ashura alijaribu kumlisha kwa nguvu na meno yalibana kama mlango wa bati, akamlilia Mungu, akamlilia Muhsini aliyeko kaburini, akarudi kwa Mwalimu Hassani na Mwalimu akalia naye maana hakuwa na lingine, wakampeleka zahanati akatundikiwa dripu na sindano ikatoka yenyewe mara tatu huku nesi akisema mshipa huu jamani mbona ulikuwepo sasa hivi, na usiku kucha alimpakata mtoto aliyekuwa mwepesi kuliko siku iliyopita, akihesabu mbavu zake kwa vidole gizani, akikumbuka alivyoombwa njiani na sauti ile nyembamba, usimwamkie, usimwamkie, mpaka jogoo wakawika na mwanga ukaingia na akaona macho ya mwanawe yamezama na bado yanangoja.

Yale macho aliyajua. Yalikuwa yake mwenyewe. Ndiyo aliyomkazia Daimu kule koridoni, wakati mtoto amemshika kanga anamwambia kuna koti tu.

Alikoroga uji. Aliuleta hadi kwenye kiti, koti la Muhsini limemzidi mtoto pande zote, mikono yake midogo haionekani. Alisimama pale muda mrefu. Alimwita jina lake mara tatu, Daimu, Daimu, Daimu mwanangu, akingoja chochote, hata kupepesa jicho. Kisha Ashura alipiga magoti sakafuni mbele ya mtoto wake wa miaka sita, akainamisha kichwa.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu."

Mkono ukatoka ndani ya koti, ukamtulia utosini, ukakaa pale kidogo kupita kawaida. Halafu kikombe kikachukuliwa. Alisikiliza uji ukinywewa, funda kwa funda, mpaka ukaisha, na alimshukuru Mungu kwa kila funda. Alipoinuka kuchukua kikombe, maji yalikuwa yanamtiririka kutoka kwenye nywele hadi shingoni, yananuka tope.