Jumbe Tisa za Mukandori

Jumatatu asubuhi ujumbe uliingia mahali ambapo hakuna aliyeweza kuutuma.

Tovuti mpya ya Umoja wa Bamama wa Daraja, chama cha wanawake wanaovusha bidhaa mpakani, ilikuwa bado imefungwa. Ilionekana kwenye mashine mbili tu: ya Saidati Umuhoza, mwandishi wa ofisi, na ya Parfait, fundi aliyevuka mpaka kila siku kutoka Bukavu kuja Kamembe kuihamisha tovuti ya zamani kwenye mfumo mpya, ukurasa kwa ukurasa, picha kwa picha. Lakini kwenye kile kisanduku cha "Tuandikie", ambamo mwanamke mwenye shida huandika shida yake, tayari palikuwa na neno moja: *Munasoma?* Chini yake, jina: *Mukandori, Gitambi.*

"Parfait, wacha muchezo," Saidati alisema.

"Muchezo gani, Maman? Ile fomu siyaifungua hata."

Saidati akaufuta ule ujumbe. Kabla hajanyanyua kidole, ukarudi. Akaufuta tena, ukarudi mara mbili. Parfait alicheka kidogo, kicheko cha fundi aliyekutana na kosa asilolijua, akachomoa waya wa intaneti ukutani. Nje jua lilikuwa kali, pikipiki zinapiga honi, muuza kitenge wa chini anabishana na mteja. Wakiwa wanatazama, waya ukining'inia hewani, herufi zilianza kujiandika zenyewe, moja moja, polepole, kama za mtu mwenye kidole kimoja chenye baridi. *Munasoma?* Ofisi ikajaa harufu ya matope ya mto na nguo iliyokaa majini siku nyingi.

Saidati alilijua jina lile. Mukandori alikuwa mjane aliyebeba nyanya na kabeji kutoka Gitambi hadi Bukavu. Miaka miwili iliyopita maji ya Ruzizi, mto wa mpakani, yalimchukua, chini kabisa ya daraja, kwenye magenge ya mawe ambako hakuna mtu mwenye akili anayevuka. Umoja ulikwenda kumzika. Mkurugenzi, Papa Twagirayezu, alihutubia kaburini kwamba marehemu alipenda njia za panya, na kwamba wengine wajifunze.

Saidati alimfuata mkurugenzi ofisini kwake na kumweleza. Twagirayezu hakucheka, wala hakumwambia kwamba amerukwa na akili. Aliinuka, akafunga mlango.

"Muhamishe makurasa na mapicha," alisema. "Mamesaji ya zamani, hapana. Bifute yote, leo. Site mupya, maisha mupya."

Parfait alipopewa agizo hilo alikunja uso. Alikuwa kijana wa Kikristo, mpole, lakini katika kazi yake alikuwa na sheria moja: hatupi kitu ambacho hajakifungua. Aliingia kwenye mfumo wa zamani, akafungua pipa la takataka ambalo hakuna aliyelichungulia kwa miaka.

Ndani yake mlikuwa na jumbe tisa za Mukandori.

"*Niko Mukandori wa Gitambi,*" alisoma wa kwanza. "*Kapita wa babeba muzigo pa daraja ananipiga. Nyinyi njo mulimuweka. Munisaidie.*"

Wa nne: "*Amesema nisipoingia mu nyumba yake sitapita tena pale. Niko na batoto batatu. Munasoma?*"

Wa tisa: "*Kesho nitapita chini, mu maji. Kama munasoma, munijibu leo.*"

Kapita huyo, msimamizi wa wapagazi, alikuwa mdogo wake Twagirayezu.

Kisanduku kile kilikuwa kazi yake. Kila asubuhi kwa miaka minne alikifungua akakikuta kitupu, na kila mwisho wa mwaka aliandika kwenye ripoti, kwa mkono wake mwenyewe: hakuna malalamiko.

"Miye njo nilimuua," alisema kwa sauti ndogo.

"Hapana, Maman. Angalia hapa." Parfait aliweka kidole kwenye kioo. Mfumo ule wa zamani, mbovu na mzito, ulikuwa na tabia moja nzuri: uliandika kila ujumbe umefunguliwa na nani, na nani aliutupa. Jina lilikuwa moja, mara tisa. Ujumbe wa mwisho ulifunguliwa saa mbili asubuhi, siku moja kabla ya Mukandori kufa. Twagirayezu alikuwa na siku nzima.

Saidati aliinuka na mashine mikononi, akasukuma mlango wa mkurugenzi bila kubisha.

"Ulisoma," alisema. "Ulisoma yote tisa."

Twagirayezu alitazama kioo, kisha akaufunga mfuniko wa mashine taratibu, kama mtu anayefunika sufuria. "Ulitaka nifanye nini? Ni mudogo wangu, tumbo moja. Na ule mwanamuke alikuwa wa makelele. Rudia ku kazi yako."

Hapo ndipo hasira ilipompanda Saidati, hasira ambayo hakuwahi kuijua tangu azaliwe, ikatoka miguuni, ikapita tumboni, ikafika kooni, na nyuma ya hasira ile, kama mtu anayefuata mwenye nyumba mlangoni kabla haujafungwa, kikaja kitu kingine, kizito, cha baridi, kinachonguruma kama maji yanayogonga mawe, akataka kupiga kelele asipate pumzi, akaona vidole vyake vinavimba na kukunjamana kama vya mtu aliyeloa wiki nzima, akaona maji meusi yanachuruzika kutoka mikononi mwake hadi sakafuni palipokuwa pakavu, na jambo la mwisho alilolisikia lilikuwa kinywa chake mwenyewe kikicheka kwa sauti isiyokuwa yake.

Parfait alikimbia mtaani kumwita Maalim Swedi, mjomba wa Saidati, mshonaji wa kanzu ambaye pia husomea watu wenye majini. Maalim alikuja na utepe wa kupimia bado uko shingoni. Alimkuta mpwa wake amekaa juu ya meza, maji yanamtiririka, na Twagirayezu, mwenye suti na tai, amejibana pembeni kwa sababu mlango ulikuwa ukikataa kumfungukia.

Maalim alisoma Ayatul Kursiyyu mara tatu. Kicheko kikatulia.

"We ni Mukandori?" aliuliza.

"Mukandori amekufa. Maiti hairudi, unajua ile, Maalim." Sauti ilikuwa nzito, yenye mchanga ndani. "Miye niko wa mu muto. Alikuwa anakuja kukaa pa jiwe yangu na telefone yake, anaandika, analia, anangoja. Mara tisa. Miye jini, mutu hananihusu, nilimusikia. Huyu wa tai hakusikia."

"Unataka nini kwa mutoto wangu? Hana kosa."

"Alinifungulia na hasira yake, nikaingia. Bile alibyoandika, bisomwe. Kwa sauti, dirisha wazi. Nitatoka."

Maalim alimgeukia mkurugenzi. "Papa, soma."

"Siwezi kutii shetani ndani ya buro yangu," alisema Twagirayezu.

Basi alisoma Parfait. Aliichukua mashine, akafungua dirisha linaloelekea barabarani, akasoma kwa nguvu, ujumbe baada ya ujumbe. Alipofika wa tatu, muuza kitenge alinyamaza. Wa tano, wanawake wenye vikapu walisimama kando ya barabara. Wa saba, walikuwa wameshapanda ngazi na kujaza ukumbi. Alipomaliza wa tisa, Saidati alijikunja na kutapika maji ya mto, baridi, yenye mchanga. Akafumbua macho.

"Mjomba," alinong'ona. Ilikuwa sauti yake.

Mlango ulifunguka wenyewe. Twagirayezu alipita katikati ya wale wanawake akiwa ameinamisha kichwa. Maalim alimfuata hadi kwenye ngazi.

"Papa, ametoka kwa mutoto, lakini hajaenda mbali. Rudi useme neno moja tu la toba. Mbele ya hawa bamama."

"Siombi musamaha kwa watu wa kabeji."

Hakufika chini. Kwenye ngazi ya nne alishika reli, akageuka, akafungua kinywa kuwafukuza wanawake wale, na kilichotoka kilikuwa sauti ya kike, nyembamba, ya Gitambi: "Niko Mukandori. Kapita wa babeba muzigo pa daraja ananipiga." Alijiziba kinywa kwa mikono yote miwili. Sauti ikapita kati ya vidole.

Siku hiyohiyo wanawake walishuka darajani. Kapita alipowaona wakija, mia na zaidi, bila vikapu, alijipeleka mwenyewe kwa polisi na kufunga mlango nyuma yake.

Wiki mbili baadaye mke wa Twagirayezu alimwita Maalim nyumbani kwao. Saidati alikwenda naye, alitaka kuona. Mkurugenzi alikuwa amekonda, amekaa sebuleni mchana kweupe, midomo haijatulia. Maalim alisoma mpaka jasho likamtoka. Mwishowe lile jini likasema kwa upole:

"Namupa nafasi. Aseme ya kwake, nitoke."

Twagirayezu alivuta pumzi. Mkewe alimshika mkono. "Sema tu, baba batoto. Sema ulikosa."

Akafungua kinywa, na kwa sauti yake mwenyewe, ya kiume, kavu, akasema, "Sikukosa kitu."

Maalim alikusanya msahafu na utepe wake, akavaa viatu.

"Maalim, utamuacha hivi?" mwanamke alilia.

"Maman, jini alishakubali kutoka. Bwana yako njo anamushika."

Walikuwa wamefika uani pale sauti ilipoanza tena ndani ya nyumba. Safari hii haikuwa ya Mukandori. Ilikuwa ya mwanamke mwingine, kijana zaidi, mwenye matamshi ya Bugarama, na maneno ambayo Saidati hakuwahi kuyaona kwenye pipa lolote: "Niko Niyonsaba, nauzisha muchele. Nawaandikia mara ya pili..."

Saidati alisimama. Kisha akarudi ndani, akavuta kiti mbele ya mkurugenzi, akatoa kalamu.

"Endelea," alimwambia. "Naandika."