Mtoto Aliyekataa Majina

Kwaru.

Mara moja tu, chini ya sakafu, upande wa chumba alimolala mtoto. Profesa Kiprugut alifumbua macho gizani akangoja. Sauti haikurudi. Panya, alijiambia. Lakini mtu aliyefukua makaburi ya watu wa kale kwa miaka thelathini hadanganyiki kuhusu kucha na udongo.

Asubuhi binti yake, Jepkemei, alitoka na mtoto mikononi. Mtoto alikuwa na siku nne. Baba yake hakujulikana. Kwa hiyo mtoto alikuwa wa boma hili la Rongai, wa ukoo wa Kiprugut.

"Dadi, ona mdomo wake."

Kwenye ufizi kulikuwa na udongo mweusi, mbichi, unaonuka kama shimo lililofunguliwa sasa hivi.

"Umemlaza chini?"

"Nimlaze chini, mtoto wa siku nne?" Alinong'ona kana kwamba kuta zinasikiliza. "Hata matiti amekataa tangu jana."

Daktari wa Nakuru alimpima akasema hana kitu. Mchungaji Peterson alikuja, akaliamuru jini litoke, na katikati ya maombi akaanza kukohoa vumbi. Akaondoka kabla ya chai, jambo ambalo mchungaji hafanyi.

Kogo, mama yake profesa, alikuwa amekaa kando ya moto akitazama yote hayo.

"Jini halina ukoo," alisema. "Huyu ni wetu. Anataka kuitwa, na nyinyi mnaita daktari."

Kwa watu wao, mtoto huzaliwa amembeba mmoja wa wafu wa ukoo. Wanawake wazee humgusisha ugoro puani, kisha huita majina ya waliokufa, moja baada ya jingine. Jina atakalolipigia chafya ndilo la aliyerudi. Aliye hai haitwi kamwe. Kumwita ni kumzika.

Kazi hiyo ilipaswa kufanywa siku ile ile ya kuzaliwa. Profesa ndiye aliyesema isubiri. Jumatatu angeapishwa kuwa makamu chansela wa chuo, baada ya uhadhiri, ukuu wa kitivo na unaibu, na mambo ya kale, alisema, yangekaa mpaka hapo. Yeye, aliyeandika kitabu kizima kuhusu mambo hayo ya kale.

Alasiri hiyo hakuweza tena kukataa. Kogo aliketi na jirani yake Chepkosgei, mtoto katikati yao, na ugoro kwenye ncha ya kidole.

"Kipkirui," Kogo akaita.

Hakuna chafya.

"Chesang. Tabutany. Kimaiyo, aliyeliwa na simba."

Mtoto aliwatazama tu.

"Huyu ni profesa tayari," Chepkosgei akasema. "Anataka ushahidi."

Hakuna aliyecheka. Waliita baba wa baba, wakaita mashangazi, wakaita hata kichaa aliyejitupa mtoni ambaye hatajwi mbele ya wageni. Majina yakaisha. Ndipo kifua cha mtoto kikatoa sauti.

Kwaru.

Kiprugut aliziba masikio.

Maana alikuwa ameisikia Jumapili moja ya mvua, miaka ishirini na mbili iliyopita, mlimani juu ya boma hili, walipokuwa wawili tu, yeye na mdogo wake, wakichimba bila kibali kaburi ambalo mdogo wake ndiye aliyeligundua akichunga ng'ombe, na ukuta wa shimo ukaporomoka, na yeye, aliyekuwa na mikono miwili na koleo moja, akaokoa kwanza mabakuli ya mawe, kisha fuvu, kisha daftari lake lisilowe, huku chini ya udongo kucha zikikwaruza, zikikwaruza, zikikwaruza polepole, mpaka alipogeuka na koleo mkononi zikawa zimekwaruza mara moja ya mwisho, na akalifukia shimo lote, akashuka kumwambia mama kwamba kijana amepata kazi Olkaria kwenye mitambo ya umeme wa mvuke. Mabakuli yale yakampa uprofesa. Na kila Krismasi, kwa miaka mingi, akamletea mama salamu za kijana.

"Dadi, anageuka rangi," Jepkemei alisema.

Midomo ya mtoto ilikuwa kama majivu. Udongo ulimtoka puani, ukashuka shavuni.

"Kiprugut." Kogo hakupandisha sauti. "Wewe ndiye mjuzi wa wafu. Kuna tuliyemwacha?"

"Hakuna, mama."

"Fikiri."

"Mmeita wote."

Neno moja lingetosha. Alilihisi ulimini, na nyuma yake aliwaona polisi na majembe mlimani, na joho la Jumatatu limevaliwa na mtu mwingine. Jepkemei bado kijana, aliwaza. Atazaa mwingine.

"Dadi, tafadhali. Kama unajua mtu, sema."

"Nimesema hakuna." Alirudi nyuma hatua moja. "Na yule yuko hai, mama. Yuko Olkaria. Yuko hai."

Chepkosgei aliinua uso. Jepkemei akaacha kulia. Hakuna aliyekuwa amemtaja mtu wa Olkaria.

Kogo alimtazama mwanawe mkubwa, akatazama mikono yake, safi, iliyokatwa kucha vizuri. Miaka ishirini na mbili alikuwa amelilinda jina la yule mwanawe mdogo, hata katika sala alisema tu mwanangu, asije akalitamka kwenye majonzi na kumwua kwa mdomo wake.

"Mama, usimwite," Kiprugut alinong'ona.

Kogo alichota ugoro mpya, akamgusisha mtoto puani, akainama mpaka paji la uso wake likagusana na lile dogo lililokuwa likipoa.

"Kibii," akaita, na mtoto akapiga chafya.